Ngozi ya Fimbo

Kuna maneno mawili ninayoyasikia karibu kila wiki kuhusu mchezo wa pool hapa kambini. La kwanza linatoka kwa wazee wetu: huo ni mchezo wa Wazungu, hautuhusu. La pili linatoka kwa wafanyakazi wa mashirika, nao hulisema kwa upole: pool ni kupoteza muda, tena inaleta kamari, afadhali meza iondolewe tupate nafasi ya semina. Mimi ni mhamasishaji wa vijana katika kituo chenye meza moja. Nimeona nijibu kwa historia, kwa sababu mchezo huu una historia ambayo mtu wa kambini anaielewa upesi kuliko wengine.

Kwanza tuelewane mchezo wenyewe. Asiyecheza anadhani kazi ni kutumbukiza mpira shimoni, basi. Kutumbukiza ni nusu tu. Nusu nyingine ni hii: mpira mweupe utasimama wapi baada ya hapo? Ukiingiza mpira wako halafu mweupe ukajificha nyuma ya mipira ya mwenzako, umefanya kazi bure, maana huna pa kupiga tena. Kwa hiyo mchezaji mzuri, kabla hajainama, anajiuliza maswali mawili. Napiga upi? Na baada ya huo, napiga upi? Jibu la swali la pili ndilo linaloamua fimbo iuguse mweupe wapi: juu, chini, katikati au ubavuni.

Sasa, zamani uchaguzi huo haukuwepo. Wachezaji wa kwanza wa biliadi huko Ulaya hawakuwa na fimbo kama zetu. Walikuwa na kitu mfano wa rungu lenye kichwa kipana, wakausukuma mpira nacho. Mpira ukikaa karibu na ukingo wa meza, kichwa kile kilikuwa hakienei. Basi waligeuza kifaa na kupiga kwa mkia wake mwembamba. Mkia kwa Kifaransa ni queue, na hapo ndipo lilipotoka jina ambalo Waingereza wanaliitia fimbo mpaka leo. Lakini mkia ule ulikuwa mti mtupu. Mti mtupu ukigusa mpira nje ya katikati, unateleza. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walicheza hivyo: wanaweza kuupeleka mweupe mbele, lakini kuuagiza urudi au ukate kona ilikuwa shida kubwa.

Aliyebadilisha mambo alikuwa mfungwa. Jina lake François Mingaud, kapteni wa askari wa miguu wa Ufaransa, aliyefungwa Paris kwa sababu za kisiasa. Gerezani kulikuwa na meza ya biliadi. Akacheza, akachunguza, na kufikia mwaka 1807 alikuwa ametengeneza vizuri kitu kidogo sana: kipande cha ngozi cha mviringo kwenye ncha ya fimbo. Ngozi haitelezi kama mti. Inabonyea kidogo, inaushika mpira kwa nukta moja ya muda, na katika nukta hiyo unaweza kuuzungusha. Alipotoka alianza kuwaonyesha watu mambo waliyoyaona kama mazingaombwe: mpira mweupe unagonga mwenzake halafu unarudi nyuma kama umeitwa. Mwaka 1827 alitoa kitabu cha michoro ya mapigo yake.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana habari za Mingaud zimetiwa chumvi. Wengi wanaandika kwamba alifungwa katika gereza maarufu la Bastille. Haiwezekani. Bastille ilivamiwa mwaka 1789 na ikabomolewa, kwa hiyo mfungwa wa mwaka 1807 hakuwa huko. Chumvi ya pili ni kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba siku ya kufunguliwa ilipofika, Mingaud aliomba aachwe gerezani kwa muda zaidi, amalize utafiti wake. Mtu anayesimulia hivyo, nadhani, hajawahi kusubiri karatasi ya kutoka mahali popote. Mimi siamini. Sisi tunaosubiri tunajua kwamba mtu akiitwa jina lake, anabeba mfuko wake na kwenda. Fimbo angeitengeneza nje.

Nasema hivyo kwa sababu hadithi ile inafundisha jambo la uongo, kwamba kifungo kinaleta kipaji na kwamba kusubiri kunamfaa mtu. Tumesikia maneno ya namna hiyo: mkimbizi ana muda mwingi, autumie vizuri. Lakini muda mtupu haujatengeneza ngozi ya fimbo. Gereza lile lilikuwa na wafungwa wengine, wote walikuwa na muda. Mingaud alikuwa na muda pamoja na meza. Ukiondoa meza, anabaki mtu anayehesabu siku.

Na kuna mfungwa mwingine wa kumkumbuka hapa. Malkia Mary wa Uskoti alizuiliwa Uingereza kwa karibu miaka 19, hadi alipokatwa kichwa mwaka 1587. Mwaka 1576 aliandika kulalamika kwamba meza yake ya biliadi imeondolewa. Malkia mzima, mwenye mashtaka mazito juu yake, analalamikia meza! Asiyejua kungoja atacheka. Anayejua hatacheka.

Baada ya Mingaud mambo yalikwenda mbio. Katika miaka ya 1820, mjini Bath, Uingereza, alikuwepo Jack Carr, aliyekuwa akihesabu pointi kwenye ukumbi wa biliadi. Aligundua jinsi ya kuupiga mweupe ubavuni, ukizunguka kama pia, ili ukigusa ukingo ubadilishe njia. Watu walipomuuliza siri yake, aliwauzia unga wa chaki kwenye vikopo vidogo, akisema nguvu imo humo. Uongo, lakini uongo wenye ukweli ndani yake: kweli ngozi bila chaki inateleza inapogusa pembeni. Wamarekani nao walijifunza pigo la ubavuni kutoka kwa wachezaji wa Uingereza, na mpaka leo wanaliita "Kiingereza". Mwaka 1897 huko Marekani William Spinks na William Hoskins walipata hataza ya chaki ya kisasa, ambayo kwa kweli si chokaa bali ni unga wa silika. Ndiyo maana chaki ya ubaoni, tuliyoijaribu sana hapa, haisaidii.

Halafu akaja mtu wa hesabu. Gaspard-Gustave de Coriolis ndiye yule ambaye wanafunzi wa jiografia wanamsikia wakisoma jinsi mzunguko wa dunia unavyopindisha pepo. Mwaka 1835 alitoa kitabu kizima cha hesabu za biliadi. Alionyesha kwamba mpira unaozunguka, baada ya kugonga mwenzake, haupindi ovyo. Unachora mkunjo laini hadi mzunguko wake ulingane na mwendo wake, kisha unanyooka. Mambo haya nimewaeleza vijana kituoni kwa maneno mepesi, nayo ni haya.

Mpira mweupe ukipigwa chini haubaki na mzunguko wa nyuma milele. Kitambaa cha meza kinaula mzunguko huo njiani. Kwanza mpira unateleza ukizunguka kinyumenyume, kisha unateleza bila kuzunguka, mwishoni unabingirika mbele kama kawaida. Kwa hiyo pigo lilelile la chini linaleta matokeo matatu. Ukiwa karibu, mweupe unarudi. Ukiwa mbali kidogo, unasimama palepale. Ukiwa mbali sana, unafuata mbele. Kijana anayelalamika kwamba "mpira umekataa kurudi" mara nyingi amesahau umbali tu.

La pili: mweupe ukifika bila mzunguko na kumgonga mwenzake kwa pembeni, miwili inaachana kwa pembe mraba, nyuzi 90, kama ina uzito sawa. Hiyo ndiyo njia ya kuanzia hesabu. Ukitaka mweupe uende mbele zaidi ya njia hiyo, piga juu. Ukitaka urudi nyuma yake, piga chini.

Chukua mfano. Umebakiwa na mpira mmoja mdomoni mwa shimo la kona, kisha mpira wa 8. Mweupe, mpira wako na shimo viko kwenye mstari mmoja, na umbali ni mfupi. Ukipiga juu, mpira wako utaingia na mweupe utaufuata shimoni, umepoteza. Kama 8 iko jirani na hapo, piga chini kidogo tu ili mweupe ufike bila mzunguko na usimame pale mpira wako ulipokuwa. Kama 8 iko upande wako wa meza, piga chini zaidi, mweupe urudi. Na ubavuni? Ubavuni ni chaguo la mwisho, pale tu unapohitaji ukingo ukubadilishie njia, kwa sababu pigo la ubavuni pia linausogeza mweupe nje ya mstari na kukukosesha shimo. Vijana wanaoanza hupenda ubavuni kwa sababu unapendeza macho. Wanaoshinda hupiga katikati mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa niwajibu wazee wetu. Mnasema mchezo huu hautuhusu, lakini mipira yake ilipita kwenye njia zetu. Katika karne ya 19 mipira mizuri ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu. Pembe hizo zilitoka pia Manyema, upande wa kwetu Kongo, zikavushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, hapahapa Kigoma. Kutoka Ujiji zilikwenda Tabora, Bagamoyo na Zanzibar, kisha zikapanda meli kwenda Ulaya na Marekani kuwa vinanda, vitana na mipira. Tippu Tip alitajirika kwa biashara hiyo. Waliobeba ni wapagazi, wengine wa kulipwa, wengine watumwa. Tulipovuka ziwa kuja huku, wengi wetu tulifuata njia ya zamani ya mizigo hiyo.

Pembe zilipokuwa ghali, mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender ya Marekani iliahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi yake. John Wesley Hyatt aliyejaribu bahati hiyo akatengeneza seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa. Yaani hata majerikeni tunayopanga foleni bombani yana undugu wa mbali na mchezo huu.

Na kamari? Hilo ni kweli, ipo, na sitetei. Kituoni hatuweki pesa mezani, na meza inafungwa saa za shule. Lakini kuondoa meza kwa sababu ya kamari hakuondoi kamari. Itahamia kwenye karata nyuma ya nyumba, ambako hakuna mtu wa kumwambia kijana afikirie pigo la pili.

Tuna fimbo tatu. Mbili zimeshapoteza ngozi, ncha ni mti mtupu. Maana yake ni kwamba wengi wa vijana wetu wanacheza mchezo wa kabla ya mwaka 1807: wanaweza kuupeleka mweupe mbele, lakini hawawezi kuuchagulia pa kusimama. Ngozi moja ni ndogo kuliko kifungo cha shati. Kabla ya kikao kijacho kuamua kuhusu meza, naomba tupate ngozi mbili na gundi.