Ulinzi wa Mtaa na Haki ya Mtuhumiwa



Mwenyezi Mungu (S.W.T.) alipowakumbusha Maquraishi neema Zake alizitaja mbili: kuwalisha wasife njaa, na kuwapa amani wasiishi na hofu. Basi mji usio na amani ni ndugu wa mji wenye njaa, ijapokuwa maduka yake yamejaa.

Haya tunayaandika Nkuhungu, kata mojawapo ya jiji la Dodoma. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuyahamishia huku makao makuu, na zaidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, watu wamemiminika Dodoma kutoka kila mkoa. Jirani hajui kwao jirani yake wala ukoo wake. Hapo huzuka swali ambalo nanyi wa Tanga, Mombasa na Unguja mnalijua: ni nani alinde mtaa? Polisi ni wa Serikali Kuu. Mtaa una mwenyekiti wake na walinzi wake wa usiku. Washirikiane vipi hata mwizi aogope, na asiye na hatia alale salama?

Nchi yetu imejifunza jibu kwa gharama kubwa. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ulifanywa msako wa wauaji. Watu wakakamatwa, wakateswa mikononi mwa maofisa wa dola, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mkono wake haukumgusa mtu, lakini Januari 1977 alijiuzulu, kwani aliona kuwa dhambi ya walio chini yake imesimama mlangoni pake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alifariki mwaka 2024.

Ama upande wa pili ulidhihirika miaka michache baadaye. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wezi wa ng'ombe wakazidi ukatili. Polisi walikuwa wachache na vituo vilikuwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora wakaunda sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi waumao kwa pamoja. Yowe likipigwa, kijiji kizima hutoka na pinde na mishale. Aliyepatikana na hatia hutozwa faini au hutengwa. Wizi ukapungua, na watu wakashukuru. Lakini palipokosekana hakimu, baadhi ya watuhumiwa walipigwa, na vikongwe wakafukuzwa makwao kwa tuhuma ya uchawi isiyo na shahidi.

Mwaka 1989, Mzee Mwinyi akiwa Rais, sheria ya mgambo ilirekebishwa; sungusungu wakatambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata. Na tangu 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi likahimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, askari na raia wakae baraza moja. Njia hii ni njema. Lakini tazama, ndugu yangu, mpaka ulipo: mlinzi amepewa kukamata na kumfikisha mtu kituoni, hukumu imebaki mahakamani. Hata hivyo tungali tunasikia kuwa mtu ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Hasira imekuwa kadhi tangu lini?

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akizunguka Madina usiku kuwalinda watu. Usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe yake. Mtu yule akamwambia: Mimi nimeasi mara moja, nawe umeasi mara tatu. Umepeleleza, na Mungu amekataza. Umepita ukutani, na ameamuru tuingie milangoni. Umeingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha, akatoka. Alikuwa Amiri wa Waumini, naye alisimama pale sheria iliposimama. Je, kijana wa doria mwenye rungu na tochi?

Basi yatupasa haya. Tuwajue majirani zetu kwa majina. Tutoe mchango wa ulinzi bila kununa, na zamu ikitufikia tusijifiche. Tuliloliona tulitolee ushahidi mbele ya polisi na mahakama, kwani anayeficha ushahidi ndiye anayewafanya watu wakate tamaa na sheria. Na likipigwa yowe la mwizi, wa kwanza wetu kufika awe wa kuzuia mawe. Huenda anayepigwa ni mgeni aliyepotea njia, au mwanao aliyefananishwa. Hata akiwa mwizi kweli, damu yake haikuhalalishwa kwa ajili ya kuku wala simu.

Mwenyezi Mungu atupe amani majumbani mwetu, na uadilifu wa kuilinda. Amin.