Mgeni na Lugha ya Wenyeji: Maisha ya Kila Siku ya Wamishenari wa Mwanzo Mombasa na Rabai, 1844–1875

Utangulizi

Wanahistoria walioandika juu ya kuingia kwa dini ya Kikristo katika pwani ya Kenya wamezoea kutazama mambo makubwa: safari za bara, milima yenye theluji, barua za masultani na kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Wanaisimu nao wamezoea kuzitazama kamusi na sarufi za wamishenari hao kana kwamba ziliandikwa mezani, katika chumba chenye utulivu, na mtu mwenye afya njema na nafasi ya kutosha. Kati ya mitazamo hii miwili limeachwa jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linaloiunganisha: namna wageni hao walivyoishi siku hata siku, walivyokula, walivyougua, walivyojenga, na walivyojifunza kusema na jirani.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuwatazama Johann Ludwig Krapf na mwenziwe Johannes Rebmann. Hoja yetu ni kwamba kuyazoea maisha ya ugenini hakukuwa utangulizi tu wa kazi yao ya lugha. Ndiko kulikoizaa kazi yenyewe. Kwa hiyo mtu anayeitumia kamusi ya Krapf kama ushahidi wa Kimvita cha karne ya 19 hana budi aulize kwanza maneno yaliyomo yalisikiwa wapi, kwa nani, na katika hali gani.

Kufika na kufiwa

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, katika Ujerumani ya kusini. Ingawa alikuwa Mjerumani, alitumwa na chama cha Waingereza, Church Missionary Society. Kabla ya kuja pwani alikuwa amefanya kazi Ethiopia tangu mwaka 1837, na huko alijifunza Kiamhari na Kioromo. Yafaa tukumbuke kwamba hakuja Mombasa kwa ajili ya watu wa Mombasa. Alipofungiwa mlango wa Ethiopia, alitafuta njia nyingine ya kuwafikia Waoromo kutoka upande wa bahari. Mombasa, katika mawazo yake ya kwanza, ilikuwa njia tu.

Alifika Unguja mwezi wa Januari 1844, akapokewa na Sayyid Said bin Sultan, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei mwaka huo alihamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mji aliouingia haukuwa mji usio na elimu. Ni miaka saba tu iliyokuwa imepita tangu utawala wa Wamazrui uangushwe mwaka 1837, na sauti ya Muyaka bin Haji, aliyefariki hapo 1840 hivi, ilikuwa bado masikioni mwa watu. Palikuwa na misikiti, makadhi, na mashairi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mgeni aliyedhani kwamba yeye ndiye mwalimu alijikuta amekuwa mwanafunzi tangu siku ya kwanza.

Kisha ikaja homa. Miezi miwili baada ya kuhamia Mombasa, Rosine alijifungua mtoto wa kike. Katika Julai hiyo hiyo ya 1844 mama alifariki, na mtoto akamfuata baada ya muda mfupi. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Katika barua aliyowapelekea wakubwa wake Uingereza, Krapf aliligeuza kaburi hilo kuwa dalili ya kazi itakayoendelea, na wanahistoria wa kanisa wamelitaja neno hilo mara nyingi. Sisi tungependa kulitazama jambo hilo kwa upande mwingine. Mjane aliye peke yake katika mji wa ugenini, asiyejua lugha vizuri, na mwenye homa inayokuja na kwenda, humtegemea mwenyeji kwa kila kitu: maji, chakula, dawa, sanda na kaburi. Msiba humlazimisha mgeni kujifunza lugha upesi kuliko darasa lolote, kwa kuwa mahitaji yake hayawezi kungoja.

Kadhi na mgeni wake

Mwezi mmoja kabla ya msiba huo, mnamo Juni 1844, Krapf alikuwa ameanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohieddin. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo. Tafsiri ya kwanza ya Biblia katika Kiswahili haikufanywa na Mzungu peke yake. Ilifanywa katika mazungumzo baina ya padri wa Kiprotestanti na mwanachuoni wa Kiislamu, waliokuwa na elimu ya Kiarabu kama daraja kati yao. Milango mitatu ya kwanza ya tafsiri hiyo ilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki.

Athari yake ni kubwa. Maneno kama dhambi, sala, roho na nabii yalikuwa tayari katika Kiswahili, yakiwa yamekwisha kutumika karne nyingi katika dini ya Kiislamu. Mmishenari hakuyabuni, aliyakuta yakiwa yamelainishwa na ndimi za watu, akayaazima. Wako waliodai baadaye kwamba lugha ya Wakristo wa pwani ilikuwa na Uarabu kupita kiasi. Lakini tukizingatia kwamba mgeni huyo alijifunza lugha katika mji wa Kiislamu, kwa msaada wa kadhi, tutaona kwamba isingaliwezekana kuwa vingine.

Inafaa pia kusema kwamba Krapf hakuziandika kazi zake kwa hati ambazo mwalimu wake alizitumia. Alichagua herufi za Kirumi na kuzitetea. Hata hivyo hakuzidharau fasihi za hati za Kiarabu: mwaka 1854 aliipelekea maktaba ya wataalamu wa Mashariki huko Halle muswada wa Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Hapa twaona tena kwamba ukaaji wake mjini ulimfungulia milango ambayo msafiri wa kupita asingeiona.

Rabai: nyumba, juma na baraza

Rebmann aliwasili mwezi wa Juni 1846, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wote wawili, huku homa ikiwasumbua, walihamia Rabai, katika vilima vilivyoko kaskazini-magharibi ya Mombasa. Walikaa hapo kwa idhini ya wazee wa Warabai, mmojawapo wa makabila tisa ya Wamijikenda, ambao watu wa pwani waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda.

Maisha ya Rabai yalikuwa shule ya pili, na shule hiyo ilikuwa na masomo tofauti. Kwanza, palikuwa na somo la ujenzi. Katika kujenga, mtu hujifunza majina ya miti, ya kamba, ya makuti, ya udongo na ya kila sehemu ya nyumba. Wala hawezi kuyakosea, maana akikosea ataletewa kitu kisichohitajika. Pili, palikuwa na somo la baraza. Mkutano wa wazee wa Kimijikenda haukukamilika bila tembo la mnazi, na ndani yake maneno yalikwenda kwa zamu, kwa mafumbo na kwa subira. Wageni waliozoea mahubiri ya mtu mmoja anayesema huku wengine wakinyamaza walilazimika kujifunza kwamba kwa Warabai neno lisilojibiwa halikuwa neno lililokubaliwa.

Tatu, na pengine hili ndilo lililokuwa gumu zaidi, palikuwa na somo la wakati. Juma la Wamijikenda lilikuwa la siku nne, na siku moja miongoni mwake ilikuwa ya kupumzika kazi ya shamba. Juma la mmishenari lilikuwa la siku saba. Basi Jumapili yake mara iliangukia siku ya mapumziko, mara siku ya kulima, na mtu aliyekwenda shambani siku hiyo hakuwa na nia ya kumdharau Mungu. Hata katika Kiswahili chenyewe mgeni alikuta kwamba siku yake takatifu inaitwa Jumapili, yaani siku ya pili ya juma, kwa hesabu inayoanza baada ya Ijumaa. Na kwamba saa ya kwanza ya mchana huhesabiwa baada ya jua kuchomoza. Kuishi humo kulikuwa kuishi ndani ya kalenda ya watu wengine.

Ni katika hali hii kwamba Injili ya Luka ilitafsiriwa katika lugha ya Rabai na kupigwa chapa Bombay mwaka 1848, na vitabu viwili vya Krapf vikatoka Tübingen mwaka 1850: kimoja ni sarufi ya Kiswahili, na cha pili ni orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki. Jina la hicho cha kwanza lenyewe laonyesha mahali kilipozaliwa, maana linakitaja Kiswahili pamoja na lugha ya Rabai kana kwamba ni ndugu wa nyumba moja. Kwa mtu aliyelala Rabai na kununua mahitaji yake Mombasa, hivyo ndivyo zilivyokuwa.

Aliyebaki

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, ingawa alirudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti waliotaka kuanza kazi Ribe. Rebmann alibaki. Alikaa pwani miaka 29. Sifa yake kubwa katika vitabu ni kuuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, lakini siku hiyo ilikuwa moja tu. Siku nyingine zaidi ya elfu kumi alizipitisha katika kazi isiyo na sifa. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yake mwenyewe yalififia hata akawa kipofu, na mwaka 1875 alirudishwa kwao. Waliobatizwa katika muda wote huo walikuwa wachache mno.

Kwa hesabu ya chama chake, hayo yalikuwa mavuno haba. Kwa hesabu ya lugha, sivyo. Rebmann alikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kirabai, na hata ya Kinyanja, aliyofundishwa na mtu aliyetekwa utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kamusi ya lugha hiyo ilitolewa mwaka 1877.

Mwaka aliouondoka Rebmann ndio mwaka ulioanzishwa mji wa Frere Town, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Hapo hali iligeuka. Hapo awali mmishenari ndiye aliyeomba idhini, ndiye aliyezoea desturi, ndiye aliyesahihishwa akikosea neno. Sasa alikuwa bwana wa kijiji, mwenye kengele, sheria na adhabu, na waliopaswa kuzoea ni wakazi. Hatudai kwamba wamishenari wa kwanza walikuwa wema kuliko waliowafuata. Walikuwa na majivuno yao, na waliandika maneno makali juu ya wenyeji wao. Tunalosema ni kwamba udhaifu wao uliwafanya wasikilize.

Hitimisho

Kamusi kubwa ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya yeye kufariki Korntal mwezi wa Novemba 1881. Kufikia hapo kitabu cha Edward Steere juu ya Kiswahili cha Unguja kilikuwa kimekwisha kuenea tangu mwaka 1870, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kamusi ya Krapf ilibaki kuwa ghala ya lahaja iliyoshindwa. Wanaotafuta nti, mato na ndia za Kimvita cha kale huenda huko, nao wanafanya vyema.

Lakini waende wakikumbuka mambo matatu. Kwanza, mkusanyaji alikaa mjini muda mfupi kuliko alivyokaa Rabai, kwa hiyo neno lililomo kamusini si lazima liwe la Mvita mtupu. Pili, maneno mengi yalisikiwa katika miaka ya 1840 na 1850 lakini yalitengenezwa Ujerumani miaka mingi baadaye, kwa kuchanganywa na ya Rebmann. Tatu, waliosema maneno hayo walikuwa watu: kadhi mmoja ambaye jina lake tunalo, na wauguzi, wajenzi, wapagazi, wazee wa kaya na watumwa ambao wengi wao majina yao hatunayo. Jina la Krapf limeandikwa juu ya jalada kwa haki. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha anayefungua kamusi hiyo pasipo kuwakumbuka waliomuuguza, waliomjengea na waliomsahihisha mwandishi wake, atakuwa amesoma nusu tu ya kitabu.