Visiki Chini ya Miparachichi

Mkulima wa Njombe anapoona mparachichi mmoja umenyauka huku ya jirani ikistawi, macho yake hukimbilia majani. Hutafuta wadudu, hulaumu mbolea, hununua dawa ya kupulizia. Wakati mwingine adui yuko chini ya udongo na ana umri mkubwa kuliko shamba lenyewe. Amelala katika kisiki cha mti uliokatwa na mtu mwingine, kwa shughuli nyingine, kabla parachichi halijawa na bei.

Nyanda hizi za Njombe zimebadilisha miti mara nyingi. Iwawa, yaliko makao makuu ya Wilaya ya Makete, iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huko si ya mchezo. Baridi hiyo ndiyo riziki ya mtufaa, kwa sababu mti huo usipopata majira ya baridi machipukizi yake hayaamki pamoja. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo cha Bulongwa, Ukinga, mwaka 1895, na katika zama hizo za misheni na walowezi matunda ya Ulaya yakaanza kuzoeleka katika nyanda za baridi za nchi hii.

Huko kwao Ujerumani, elimu ya kuoza kwa miti ilikuwa imeshapiga hatua kubwa. Hapo awali wengi waliamini uyoga huota juu ya mti kwa sababu mti umekwisha kuoza. Mwaka 1874 Robert Hartig alionyesha kuwa mambo ni kinyume: kuvu ndiyo inayoozesha. Miongoni mwa alizozichunguza ni armilaria, ambayo hadi leo huua miti ya matunda, chai, kahawa na misindano katika mabara mengi.

Armilaria ina subira ya kutisha. Huishi ndani ya kisiki kwa miaka, ikila mbao taratibu, hadi mzizi wa mti hai uguse mzizi wa kile kisiki. Hapo huhama. Ulaya hutambaa pia udongoni kwa kamba nyeusi zinazofanana na mizizi, lakini Afrika kamba hizo ni nadra, na kugusana kwa mizizi ndiyo njia yake kuu. Uyoga wake wenye rangi ya asali unaweza usionekane miaka mingi. Dalili ya uhakika zaidi imefichwa chini ya gome, shinani: utando mweupe wenye harufu ya uyoga.

Na visiki havijawahi kukosekana Njombe. Misitu ya asili ilifyekwa kwa mashamba. Mwaka 1949 shirika la maendeleo la kikoloni la Uingereza lilianzisha Kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo wenyeji wanaiita TANWAT, ili kupanda miwati kutoka Australia na kukamua tanini ya kusindika ngozi katika magome yake. Gome likaenda kiwandani, visiki vikabaki ardhini. Baadaye ikaja misindano ya mbao, na milingoti (mikaratusi) ya nguzo za umeme. Leo katika baadhi ya mashamba hayo inapandwa miparachichi ya aina ya Hass, na mche hauulizwi shimo lake limepita katika mizizi ya nani.

Jibu moja zuri lilipatikana jirani kabisa, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1930 mtaalamu aliyeitwa R. Leach alikuwa akishughulikia chai iliyokufa kwa armilaria huko Nyasaland, Malawi ya leo. Alibaini kuwa kuvu hiyo hustawi katika mizizi yenye wanga mwingi. Basi mti uchunwe gome kuzunguka shina, uachwe umesimama mwaka au zaidi, ndipo ukatwe. Sukari kutoka kwenye majani haishuki tena, mizizi humaliza akiba yake, na kuvu nyingine zisizo na madhara huitwaa kabla armilaria haijafika. Panga moja na subira tu. Inasikitisha kwamba mbinu rahisi hivyo haiendani na soko la mbao: anayeuza misindano yake huhitaji fedha wiki hii, na mnunuzi haondoki na visiki.

Kuvu nyingine hazipiti mizizini, bali huingia kupitia kidonda cha kupogolea au tawi lililovunjika kwa uzito wa matunda. Kwa vizazi vingi wakulima walifundishwa kupaka kidonda rangi au lami. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani, alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa mti hauponyi mbao zilizooza. Hujenga kuta za kuzitenga, na rangi haisaidii kuzuia uozo. Kinachosaidia ni kukata mahali sahihi: nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, bila kuacha kibutu kirefu wala kuchana gome.

Miparachichi ina adui mwingine anayechanganywa na armilaria. Mti mama wa Hass, uliopandwa California na Rudolph Hass mwaka 1926 na kupewa hataza mwaka 1935, ulikufa mwaka 2002 baada ya kuugua kuoza mizizi kwa miaka mingi. Uliuawa na fitoftora, kiumbe kinachofanana na kuvu lakini si kuvu halisi. Hupenda udongo unaotuamisha maji na huozesha mizizi midogo ya kunyonya hadi iwe myeusi. Armilaria huvamia mizizi minene na shina. Kwa hiyo mifereji ya kutolea maji, ambayo hupunguza fitoftora, haitaondoa kisiki chenye armilaria. Hapo kazi ni ya jembe na sururu: kung'oa mti mgonjwa na mizizi yake yote minene, kuchoma, kisha kulima mahali pale mahindi au maharage kwa miaka kadhaa kabla ya kurudisha mche, kwa kuwa mazao hayo hayana mbao ya kuilisha.