Mpimaji wa Nyota katika Rasi ya Tumaini Jema

Lugha yetu yatupa tabu kidogo tutakapo kumtaja mtu ajishughulishaye na nyota. Mnajimu kwa wengi ni mtabiri, na kupiga falaki ni kutafuta habari za bahati na nuhusi. Thomas Henderson, Mskoti aliyezaliwa Dundee mwaka 1798, hakutabiri neno. Basi sisi twamwita mpimaji wa nyota.

Mtu aonaye mwanga usiku hawezi kusema kama ni kandili iliyo karibu au moto mkubwa ulio mlimani, mpaka ajue umbali wake. Nyota ni vivyo hivyo. Pasipo umbali hatujui nguvu ya nuru yake, na uzito wake ni vigumu kuujua. Na mpaka miaka ya 1830, ukiliondoa jua, hapakuwa na nyota hata moja ambayo umbali wake ulijulikana kwa hakika.

Njia yenyewe ilijulikana zamani. Nahodha apitaye pwani huona mnazi wa ufuoni ukihama mbele ya vilima vya mbali, kumbe kiendacho ni chombo chake. Dunia nayo ni chombo: kwa miezi sita huvuka upande wa pili wa jua, umbali wa kilomita milioni 300 hivi, na nyota iliyo karibu yapasa kuonekana imehama. Shida ni udogo wa kuhama huko.

Henderson alifika Rasini mwaka 1832, akawa mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota ya serikali ya Kiingereza. Afya yake ilikuwa dhaifu, na mahali penyewe hakupapenda. Mwaka 1833 alijiuzulu akarudi kwao. Lakini alikwisha kuipima mara nyingi nyota ing'aayo ya kusini iitwayo Alfa Sentauri. Manuel Johnson, aliyekuwa kisiwani Saint Helena, alimwarifu kwamba nyota hiyo husogea angani mwaka hata mwaka kupita nyingi, nayo ni dalili ya ujirani.

Hesabu zikaonyesha pembe ya kama sekunde moja, yaani sehemu moja katika 3,600 za digrii. Hata hivyo alinyamaza. John Brinkley wa Dublin alikuwa ametangaza vipimo kama hivyo, navyo havikuthibitika. Kwa hiyo Henderson akangoja hesabu za msaidizi wake. Angali akingoja, Friedrich Bessel wa Königsberg akatangaza mwaka 1838 umbali wa nyota 61 Signi, akapata sifa ya kwanza. Henderson alitoa habari yake mwanzoni mwa 1839. Sisi hatumlaumu.

Pembe halisi ni robo tatu za sekunde, kama upana wa kidole gumba kikitazamwa toka kilomita 5 na nusu. Nuru hutumia miaka 4 na theluthi kutufikia. Umbali ulipopatikana, mengine yakafuata. Nyota hiyo kwa kweli ni mbili, zizungukanazo kwa miaka 80 hivi. Kwa mzunguko huo uzito wake ukajulikana: moja yazidi jua kidogo, ya pili yapungua kidogo. Ile kubwa hutoa nuru mara moja na nusu ya jua.

Mwaka 1915 Robert Innes, huko Johannesburg, alivumbua mwenzao wa tatu, nyekundu na hafifu. Wekundu huo ni alama ya upungufu wa joto: uso wake una kama nusu tu ya joto la uso wa jua. Hiyo ndiyo iliyo karibu na jua letu kuliko nyota zote, wala haionekani ila kwa darubini.