Mdudu wa Ufipa aliyengoja nusu karne kupewa jina

Mwaka 1950, mdudu mmoja dume asiye na mabawa alikamatwa Ufipa, kusini-magharibi mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Alipelekwa Ulaya, akahifadhiwa kwenye makumbusho. Tanganyika ikapata uhuru, ikaungana na Zanzibar, na yeye bado hana jina.

Aliyemtazama kwa makini ni Oliver Zompro, mwanafunzi Mjerumani aliyebobea katika wadudu-vijiti. Mwaka 2001 alikuwa akihangaika na kipande cha kaharabu kutoka pwani ya Baltiki. Ndani yake alikuwamo mdudu aliyenaswa na utomvu mamilioni ya miaka iliyopita, na hakukuwa na kundi la kumtia. Alipofika makumbusho ya London akaonyeshwa yule dume wa Ufipa. Sura ilikuwa ileile! Baadaye Berlin akakuta jike kutoka Namibia.

Hapo ndipo kazi ya kuainisha ilipoanza, na ni kazi ya subira. Je, ni vunjajungu? Vunjajungu ana kifua kirefu na hukamata windo kwa miguu ya mbele tu. Huyu kifua chake ni kifupi, na miiba imeota kwenye miguu ya mbele hata ya katikati. Je, ni mdudu-kijiti? Wadudu-vijiti hula majani, lakini utumbo wa mdudu huyu ulipochunguzwa yalionekana mabaki ya wadudu wengine. Kila mlango uliobishwa haukuwa wake.

Mwaka 2002 Zompro pamoja na Klaus-Dieter Klass, Niels Kristensen na Joachim Adis walitangaza kwenye jarida la Science kwamba huyu si spishi mpya tu, wala jenasi mpya tu, bali ni oda nzima, ngazi ileile ya mbawakawa au vipepeo. Jambo hilo lilikuwa halijatokea kwa wadudu walio hai kwa zaidi ya miaka 80. Jenasi wakaiita Mantophasma, kwa kuunganisha majina ya kisayansi ya vunjajungu na mdudu-kijiti. Wa Namibia akapewa jina la upepo wa magharibi, zephyra; wa kwetu akapewa la upepo wa mashariki, subsolana. Mwaka huohuo msafara uliokwenda mlima Brandberg, Namibia, uliwapata wakiwa hai kwenye nyasi.

Sampuli zilipoongezeka kutoka Namibia na Afrika Kusini, ilidhihirika kwamba wa Ufipa hafanani vya kutosha na wenzake. Mwaka 2003 Klass na wenzake, akiwamo Mike Picker wa Cape Town, wakamtenga katika jenasi yake: Tanzaniophasma. Phasma kwa Kigiriki ni mzuka, na kwangu hakuna jina lingemfaa zaidi.

Linaloniuma ni kwamba jenasi yenye jina la nchi yetu ilielezwa kwa dume mmoja aliyekauka, huku ndugu zake wa kusini wakifugwa na kupigwa picha. Ufipa ipo, na nyasi zake zipo. Atakayekwenda kuzimulika kwa tochi usiku atazame miguu: wadudu wa oda hii hutembea kwa visigino, ncha za nyayo zimeinuliwa juu.