Neno la Kirusi "Pogany"

Msomaji, ukiingia msituni katika nchi ya Urusi ukainama kuchuma uyoga wenye sumu, mwenyeji wako atakushika mkono na kukuambia kuwa huo ni "poganka". Jina hilo latokana na neno "pogany", ambalo Warusi hukiita kitu kichafu, chenye kutia kinyaa. Hata ndoo ya kumwagia takataka za jikoni huitwa hivyo. Lakini neno lenyewe halikuanza na uchafu.

Warumi wa kale waliita wilaya ya mashamba "pagus", na mkazi wake "paganus", yaani mtu wa shamba. Halikuwa tusi, ila pengine lilikuwa na dharau kidogo, ile ya watu wa mjini. Katika karne ya 4 Wakristo wa Kilatini wakaanza kumwita hivyo kila asiyefuata dini yao. Kwa nini? Wengine husema ni kwa kuwa watu wa shamba walichelewa kuiacha miungu yao. Wengine hukumbusha kwamba askari nao walimwita "paganus" raia asiyeshika silaha.

Neno likafika kwa Waslavi pamoja na dini. Mwaka 988 Vladimir, mtawala wa Kyiv, alibatizwa, na kama tarikh yao isimuliavyo, sanamu ya mungu Perun ilifungwa mkiani mwa farasi, ikaburutwa, ikapigwa kwa fimbo, kisha ikatupwa katika mto Dnieper. Waliomwabudu Perun jana, leo wakawa "pogany". Baadaye waandishi wa tarikh waliwaita hivyo Wapolovtsi, wafugaji wa nyikani waliowashambulia mara kwa mara. Kisha neno likahamia kwenye chakula kilichokatazwa na dini: kilicho cha kafiri kikawa najisi, na kilicho najisi kikawa kichafu tu.

Mjini Moscow palikuwa na mabwawa yaliyoitwa Pogany kwa sababu wachinjaji walitupa humo matumbo na mifupa. Mwanzoni mwa karne ya 18 Menshikov, rafiki wa mfalme Peter, aliamuru yasafishwe, na tangu hapo yaitwa Mabwawa Safi. Hapo kafiri hakuwamo tena katika neno.

Wala huna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika karne ya 19 watu wa pwani yetu waliwaita watu wa bara washenzi, na wao wenyewe waungwana. Leo mama humkemea mwanawe atemaye mate sakafuni kwa neno hilo hilo, na pengine babu zake mama huyo ndio walioitwa hivyo.