Hemofilia: jina moja, hitilafu kibao

Wiki hii tumesoma hemofilia, ule ugonjwa wa damu kugoma kuganda. Historia yake tamu kweli, nikaona nisiile peke yangu.

Mwaka 1947 kule Buenos Aires, daktari Alfredo Pavlovsky aliripoti jambo la ajabu: alichanganya damu ya wagonjwa wawili wa hemofilia, ikaganda! Yaani kila mmoja alikuwa na kile alichokosa mwenzake. Mwaka 1952 kina Rosemary Biggs wa Oxford wakamaliza ubishi. Mtoto wa miaka mitano, Stephen Christmas, hakukosa fakta VIII kama wengi. Alikosa protini nyingine, ambayo leo tunaiita fakta IX. Kumbe ukimpa mgonjwa protini siyo yake, ataendelea kuvuja damu tu.

Subirini, bado. Kuna ambao protini wanayo, ila haifanyi kazi! Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walieleza fakta IX iitwayo Chapel Hill. Kati ya asidi amino 415, iliyobadilika ni moja tu: namba 145, arginini imekuwa histidini. Hapo ndipo protini hukatwa ili iamke. Sasa hapo haikatiki, haiamki sawasawa.

Leo mabadiliko zaidi ya 1,000 yameorodheshwa kwenye jeni ya fakta IX peke yake. Ndiyo maana mmoja huvuja damu bila hata kujigonga, mwingine anashtukia siku ya kung'olewa jino.

Kwa hiyo ukiambiwa fulani ana hemofilia, uliza kwanza: ipi?

Haya, karibuni tubishane.